Namba Kumi na Saba

Duka la Sechelela liko Barabara ya Sita,
kati ya fundi cherehani na muuza mbegu za alizeti.
Nimeingia mara ya tatu wiki hii,
na kwa mara ya tatu amenipa kigoda bila kuniuliza shida.

"Hii," anasema, akiipangusa kwa ncha ya kanga
maana vumbi la Dodoma halibishi hodi,
"ndani yake mna amplifaya arobaini.
Ukitaka ile ya zamani ya vali, imo.
Ukitaka inayofoka kama shemeji aliyenyimwa posho, imo.
Zungusha hapa."

Nazungusha.
Duka linakuwa ukumbi, ukumbi unakuwa pango,
pango linakuwa redio ya betri ya mwaka sabini na nne.
Najikuta nimekuwa watu arobaini,
na hakuna hata mmoja anayedaiwa kodi.

Ila mimi ni karani wa masijala kule Mtumba.
Nimepanga chumba Nkuhungu, ukuta wa tofali moja,
na ng'ambo ya tofali ni Mama Chilewa
na kichanga cha miezi minne.
Miaka yote nimepiga kupitia redio kaseti,
kwa woga, kidole kimoja kikilinda kitufe cha sauti.
Halafu Jumamosi, harusi za Kizota,
Mazengo nyuma yangu na drams zake:
kwa Mazengo, wati ishirini
ni mbu ndani ya radi.

"Ndogo ina tundu la hedifoni," anasema Sechelela,
"utapiga hadi alfajiri na paka asijue.
Hii ya hamsini nayo inalo,
na ukumbini itafika mpaka kwa wapika pilau.
Ila ina kilo kumi na mbili, na wewe gari huna."

Napiga hesabu za bodaboda:
gitaa mgongoni, mashine mapajani,
na upepo wa Agosti ule unaovua watu kofia.

Kisha nauliza swali ambalo kijitabu chake hakina:
ikiacha kuigiza, yenyewe ina sauti gani?
Sechelela anacheka. Anazima madoido yote,
anafungua sauti hadi mwisho.
Ssssss.
Kama uwele unaopepetwa nyumba ya tatu.

Nikamkumbuka mjomba Ndahani, Mvumi,
alivyokuwa akipekua kona za kuta
kutafuta utando mweupe wa buibui,
akaubandika kwa mate juu ya matundu ya ilimba
ili sauti isitoke imenawa uso.
Tulipofagia nyumba vizuri mno, alitutukana.

Nimezungusha zote arobaini. Buibui hayumo.
Anayemkaribia ni namba kumi na saba,
nikipunguza ukali wa juu,
nikiongeza uchafu robo.

Nikachukua ya hamsini. Nusu leo, nusu mshahara ukitoka;
daftari la Sechelela lina jina langu na namba ya Mazengo,
ambaye hajui kwamba amenidhamini.

Usiku wa kwanza, hedifoni masikioni,
nilinguruma peke yangu kama simba wa ndotoni.
Chumbani zilisikika nyuzi tupu,
tik, tik, mjusi juu ya bati.
Usiku wa pili hivyo hivyo. Wa tatu.
Usiku wa nne ukuta ukagongwa.

Nikavua hedifoni, nikakusanya radhi zote nilizo nazo.

"Jirani," sauti ya Mama Chilewa, imechoka hadi kwenye mfupa,
"hilo gitaa limeharibika?
Huyu hajalala tangu Jumanne."

Nikachomoa waya.
Namba kumi na saba.
Sauti: chini kidogo ya moja.