Fungu la Thelathini

Andalio lako, Mwanahawa, lilikuwa safi:
wino wa buluu, malengo matatu, dakika zimegawanywa.
Nilikaa dawati la mwisho, magoti hayaenei,
fomu ya tathmini mapajani.

Ukachora masanduku ya maepo.
Thelathini mara nne?
Kimya. Inzi tu, na kinu cha mkonge kinaguruma bondeni.

Watoto arobaini na saba wa kambini Muheza:
huyu babu yake alitoka Kasulu, yule Njombe,
wengine bibi zao walivuka Ruvuma kwa miguu;
Wabondei wenyewe wachache, karibu na dirisha.
Epo hawajapata kulionja.
Mimi nililionja mara moja, likaniuma meno.

Ndipo Ntahondi, mwenye kovu la mwiba shavuni,
akauliza chinichini:
"Mwalimu, ni kama mafungu manne?"

Mimi, mwaka wangu wa kwanza, ningemkatisha.
Wewe ukaweka chaki chini.
"Fungu ni nini?"

Wakacheka. Mwalimu hajui!
Majani thelathini, yanafungwa hivi, hapana, hivi;
mama hukata kabla jua halijawa kali;
mnyapara akisema pungufu
unahesabu upya mbele ya macho yake.
Mia na ishirini!
Hata wa dirishani walipiga kelele.

Ulizidisha dakika kumi na moja.
Lengo la tatu hukuligusa.

Kwenye fomu pana mstari: *Ufaafu wa mifano.*
Niko nao tangu saa nane.
Yale maepo, Mwanahawa,
niliyachora mimi, chuoni.
Wewe ulinakili tu.