Yeye

Mkondo wa mchana, skuli ya Maziwang'ombe.
Watoto tisini na sita, vitabu kumi na kimoja,
na mimi, Mize binti Shaame,
niliyefunzwa Kiingereza na mwalimu
aliyefunzwa na mwalimu
ambaye, husemwa, alimfulia Mwingereza mashati.

Naandika ubaoni herufi mbili: he.
"He!" darasa zima linaguta,
kama watu waliotajiwa bei ya mchele.
Siyo he, nasema. Hutamkwa hii.
"Hii nini, mwalimu?" anauliza Tumu,
na shingo tisini na tano zinanyooka
kuitafuta hiyo hii iko wapi.

Nafuta. Naandika: we.
"We!" wanaoneshana vidole,
we Faki, we Hidaya, we uliyekalia daftari langu.
Hapana. Huyu we si wewe. Huyu ni sisi.
Na yu, ambaye kwetu ni mtu wa mbali,
yu safarini, yu mgonjwa, yu hai,
kwao ndiye wewe, hapo ulipo, mbele ya macho yangu.
Na me, kadogo kanakojibanza ndani ya kitenzi
kutwambia jambo lishapita,
amepika, amelala, amekufa,
kwao ni mimi mzima, na pumzi zangu.

Ngwali, nyuma kabisa, karibu na dirisha lisilo kioo:
"Mwalimu, haya si maneno yetu?
Wameyachukua, wakayavisha kinyume?"
Wakacheka. Nami nikacheka,
ilhali silabasi inanidai kurasa arubaini.

Ukurasa wa thelathini una picha ya theluji.
Hidaya kasema msufi umepasuka.
Nikaiacha hivyo. Ilikuwa saa tisa, jua kwenye bati,
nani angeniamini?

Kisha nikawapa kazi ya nyumbani:
sentensi tano, juu ya mama.

Daftari la Ngwali lilikuja baada ya wiki tatu,
msimu wa karafuu ulikuwa umemmeza.
Kurasa zilinuka makonyo,
na vidole vyake vimepiga mihuri ya kahawia pembeni.
Kwa Kiingereza cha kuokoteza, aliandika:
Mama yangu ni Bikombo.
He hupika boko-boko siku ya Idi.
He hucheka mpaka hulia.
He alikwenda hospitali Wete.
He hakurudi.

Nikashika kalamu nyekundu.
Kanuni naijua, naifundisha, naiimba:
mwanamume neno lake, mwanamke neno lake.
Lakini yeye wetu haulizi umevaa kanga au kikoi.
Yeye ni babu, ni bibi, ni mtoto aliye tumboni,
ni Mola pia tunapomtaja.
Mtoto huyu tangu azaliwe ana yeye mmoja tu,
na leo namwambia auchane vipande viwili,
kisha achague kipande kipi ni cha mama.

Nikakata he ya kwanza. Nikaandika juu yake: she.
Nikakata ya pili. Ya tatu nikaikata nusu.
Ya nne ikanikamata mkono.
Niliisoma tena, na safari hii
ulimi wangu ulisahau ulikosomea,
ukaisoma kama ilivyosomwa siku ya kwanza darasani,
kama ilivyosomwa, labda, uani kwao
gari iliporudi kutoka Wete na kiti kitupu:

He!
Hakurudi.

Sikuigusa.

Alhamisi alikuja mkaguzi kutoka Chake,
akayafunua madaftari, moja, la pili, la Ngwali.
Akaweka kidole pale pale.
Akaniuliza, kwa Kiingereza kilichopigwa pasi,
mbona kosa hili halina alama?

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa refu, lilikuwa zuri,
lilifika kwenye meno likakosa viatu.
Nikasema: nimesahau.
Na hata hilo nililisema kwa Kiswahili.