Hesabu ya Muosha Vyombo

Nilipoajiriwa, maabara ilikuwa moja tu,
chini ya ngazi, mlango wake hauzuii baridi,
na bika arobaini kwa siku, basi.
Saa nne asubuhi nimeshamaliza,
nimekalia ndoo, natazama theluji ya Duluth
ikiuzika uwanja wa mpira mzimamzima.

Ndipo akaja Maarit Kallunki, rais mpya wa chuo,
binti wa mchimba chuma, buti kubwa, maneno haba.
Siku ya tatu alishuka zile ngazi,
akachukua bika, akaielekeza kwenye taa, akaizungusha.
"Nani huosha hivi?"
Nikadhani kibarua kimeota nyasi,
mimi ambaye jina langu ni Sikudhani.
Akaliandika kiganjani, kwa wino.

Kila Januari aliendesha gari hadi St. Paul, kwa watunga sheria,
kuomba kilicho chetu:
kodi ya madereva wa malori, ya wakaanga samaki, yangu pia.
Akarudi na ahadi. Ahadi haziwashi taa.
Basi akaiuza nyumba ya rais, ile yenye nguzo nne nyeupe,
akahamia vyumba viwili juu ya fundi viatu,
na nyumba ikaturudia hadubini,
ikashushwa kwenye lori imefunikwa gubigubi, mithili ya mwali.
Tuliipisha koridoni. Hata wahasibu walisimama.

Bika mia na kumi.
Bika mia nne, na neli sikuzihesabu tena.
Wakaniletea wasaidizi, Waylon na Pa Houa,
nikawafundisha: suuza mara tatu, ya nne ni ya heshima.
Meli ikaanza kwenda ziwani na kurudi na tope
la miaka elfu tisa, limelala ndani ya bomba
mistari mistari kama kikoi,
na vijana wakalisoma usiku kucha,
wakigombania mstari mmoja mweusi
mwembamba kuliko ukucha.
Mia tisa.
Mikono ilichubuka. Nikafurahi, nikanuna, nikafurahi.

Nikanuna kwa sababu ya chumba 214.
Humo, Jumanne jioni, nilifundisha Kiswahili
kwa wanafunzi sita, mwaka mmoja wanne.
Sasa mna majokofu, nyuzi themanini chini ya sifuri.
Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni:
hakutuma barua. Alikuja mwenyewe kwenye karo,
akasimama pale buti zinalowa,
akaniuliza kazi hii yote, kwetu, inaitwaje.
Utafiti, nikamwambia.
Akalitafuna neno kwa ulimi wa babu zake Wafini, utaf-, utaffi-,
hata nikamwonea huruma:
"Anza na kutafuta. Kwa sikio ni majirani."
"Na kupata?"
"Kupata ni majaliwa."
Akacheka, kisha akaacha kucheka.

Mwaka huu anastaafu. Wamemchora,
picha iko ukumbini, buti hazionekani.
Mimi bado napanda 214 kila Ijumaa
kukwangua barafu.
Nyuma ya jokofu la sita ubao ungalipo,
hakuna aliyejisumbua kuung'oa,
na somo la mwisho liko vilevile, lilipokatikia:

kitabu – vitabu
kiti – viti
chombo –