Upande wa Ndani

Nilipita ofisi tatu kabla ya ile.
Ya kwanza kiyoyozi, kiti cha ngozi,
na kijana aliyenitajia ada kabla ya salamu.
Ya pili, wakili alimwita dalali wangu "Mkasi", kama wamwitavyo kijiweni,
wakagongeana viganja, wakacheka;
nikamkumbuka muuza nyama anayeegemeza kidole kwenye mizani.
Nikaaga.
Ya tatu waliniambia njoo kesho, na kesho ikawa na kesho yake.

Ya nne iko Barabara ya Tisa, juu ya duka la vipuri,
ngazi zina lile vumbi letu lisilomtii mfagizi.
Wakili Sekunda Ndahani alipokea kopi ya hati
na hakuisoma.
Aliigeuza.
"Nyuma mbona hawakutoa kopi?
Hati ina mgongo, mama. Madeni hubebwa mgongoni."

Mimi nafuma sweta za shule, soko la Majengo,
mwaka wa kumi na nne sasa: kijani, hudhurungi, bluu ya giza.
Mteja mgeni hutazama kifuani, penye nembo.
Anayejua huigeuza, akatafuta mafundo.
Nikafungua pochi palepale.

Nyumba yenyewe iko Veyula:
vyumba vitatu, ukuta wa nyuma bila plasta,
na mistari sita ya mizabibu iliyopandwa na mtu mwenye subira.
Bwana Yoeli Chitema, muuzaji, aliapa mara tatu kuwa ni safi.
Wakili akamwomba namba ya kiwanja.

Wiki ya kwanza, upekuzi kwa Msajili.
Wiki ya pili, jibu: rehani,
mkopo wa trekta wa zamani. Ulishalipwa,
ila hakuna aliyekwenda kuufuta,
umelala daftarini kama nyoka aliyekufa.
Amekufa, sawa, lakini nani atamkanyaga?
Wiki ya tatu. Ya nne. Mkasi anapiga simu usiku:
"Mama Nyemo, kuna mtu wa Mtumba, ana pesa taslimu.
Wewe endelea kufuga wakili."

Nikapanda zile ngazi nimejaa maneno.
Niliyamwaga yote. Nilisema hata la ada.
Akanimiminia maji, akauliza:
"Mkewe umeshamwona?"

Sikuwa nimemwona.
Hakuna aliyekuwa amemtaja.

Alikuja kwa basi la asubuhi kutoka Mpwapwa, Mama Perusi,
kitenge cha njano, miwani yenye mkono mmoja wa uzi.
Mumewe akatazama dirishani.
Alisoma mkataba ukurasa kwa ukurasa, kidole chini ya mstari,
nasi kimya, mpaka feni ikawa na kelele.
Kisha akasema: "Nyumba, uzeni.
Mizabibu nimeimwagilia mimi, kwa ndoo, kiangazi chote.
Zabibu za msimu huu ni zangu."

Mkasi akaguna. Chitema akakohoa.
Wakili akachukua kalamu,
akaongeza kifungu kwa mkono, pembeni:
mavuno ya mwezi wa nane ni ya Perusi Chitema.
Sote tukatia saini ndogo kando yake,
mimi wa mwisho, herufi zikitetemeka kidogo.

Ada iliniuma, sitadanganya.
Ni sweta mia moja na kumi, na mikono yake yote.
Wala hatukuwa marafiki;
simu zangu alizijibu kwa maneno manne, moja likiwa "subiri".

Hati ilitoka kwa jina langu msimu wa baridi, upepo ukipasua midomo.
Watu huonyesha wageni mbele, penye mhuri.
Mimi niliigeuza kwanza.
Rehani imefutwa, kwa tarehe, kwa wino.

Mwezi wa nane Mama Perusi alikuja na matenga mawili.
Hakupita mlangoni, alizunguka nyuma moja kwa moja
kama mtu anayeijua njia gizani.
Alichuma mistari mitano.
Wa sita aliuacha, umejaa, mweusi kwa utamu.
Sijui kama alichoka
au alihesabu vibaya.