Waya Mwekundu

Tumsifu amezimwaga nyaya juu ya kioo cha kaunta,
Mtaa wa Aggrey, ngazi ya chini,
mlango wa pili baada ya wauza mapazia.
"Chagua, dada. Huu wa HDMI, picha na sauti safari moja,
kichwa kimepakwa dhahabu.
Huu wa mwanga: ndani hamna shaba kabisa,
sauti inapita humo kama tochi ndani ya bomba.
Na huu" (akausukuma kwa kidole kimoja)
"wa rangi tatu, nakuwekea bure. Wa kizamani."

Nikauliza kama mjinga, maana ni mjinga:
upi unasikika vizuri?
Akacheka. "Inategemea unamsikiliza nani.
Spika ngapi?"
Tano, na sabufa.
"Ya katikati ndiyo ya maneno. Milio ipeleke pembeni.
Usivichanganye."

Sikumwambia kwamba Mburahati, chini ya kitanda,
nina deki ya mjomba Kondo na kanda kumi na nne
zilizopona mwaka ule maji yalipofika dirishani.

Mjomba alikuwa akitafsiri filamu.
Banda la mabati nyuma ya mashine ya kusaga,
hamsini mkekani, mia kwenye benchi.
Wahindi walilia, Wachina waliruka,
na yeyote aliyekasirika, alikasirika kwa Kizaramo.
Adui mkuu, filamu zote, alipewa sauti ya Bwana Mahimbo
fundi cherehani, aliyekuwa akimdai.

Nilinunua wa dhahabu. Nikanunua na wa mwanga,
mshahara ulikuwa bado na joto lake.
Sasa nimepiga magoti nyuma ya kabati,
simu menoni inanimulikia,
vumbi la miaka kwenye goti la sketi ya kazini.
Deki haina tundu la dhahabu.
Haina tundu la mwanga.
Ina macho matatu, la njano, jeupe, jekundu,
na juu ya jekundu kipande cha plasta ya kidonda
alichokibandika mwenyewe, kaandika kwa kalamu:
MIMI.

Nimechomeka waya wa bure.
Njano: picha inayotetemeka miguuni.
Mweupe: filamu yenyewe, risasi, farasi, lugha nisiyoijua.
Mwekundu: yeye.

Kumbe maikrofoni aliichomeka upande mmoja,
filamu akaiachia ule mwingine.
Banda lilikuwa na spika moja tu,
wakakutana humo kama chai na maziwa.
Sebule yangu haijui mambo hayo. Inatenganisha.
Kushoto jambazi anafoka.
Kulia mjomba anatueleza kwamba jambazi hana ubaya,
hajala tangu juzi.

Nimechomoa mweupe.

Farasi wameanguka kimya.
Mji mzima umeungua bila mlio.
Upande mmoja wa sebule
mtu anavuta pumzi kabla ya sentensi,
kikombe kinatua juu ya bati,
"wa mbele kaeni chini, wa nyuma nao wamelipa,"
halafu kwa kitambo hakuna anayesema kwenye filamu
naye hasemi, anasubiri,
na mimi namsikia akisubiri,
huku mashine ya kusaga inanguruma kwa mbali
na mahindi ya mtu.

Sabufa iko kwenye kona, taa ya buluu inawaka.
Leo haikupata kazi.

Kesho nitampigia Tumsifu
nimuulize kama waya wa mwanga unarudishwa
ikiwa haujavuliwa kifuniko.