Sensa

Karola ya baba ilizimika tena tukiupanda mlima wa Newala,
bila kukohoa, bila kuaga,
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.
Mama akashuka kutafuta jiwe la kuzuia tairi.
"Likipoa litawaka."
Likapoa. Likawaka.
Wiki tatu tunalingoja gari lipoe.

Wa kwanza alibadili plagi. Wa pili, pampu ya mafuta.
Wa tatu, Fundi Nampunju, nyuma ya stendi ya Masasi,
hakushika hata spana:
aliliacha lingurume mpaka lizimike lenyewe,
akamwagia maji kule chini, karibu na puli,
maji ya kikombe kimoja cha chai.
Likawaka.
"Sensa," akasema.

Mama akadhani serikali.
"Si walishapita? Walituandika watatu,
tuliolala ndani usiku ule."
Baba alilala Ndanda, wodini.
Hatukuuliza kama huko walimhesabu.

Fundi alicheka hadi akakalia tairi.
"Hii, mama, inahesabu meno ya krenki.
Ikipata moto inapotewa na hesabu,
na injini isiyojua imefika wapi hunyamaza.
Haibahatishi."

Mpya ilikuja na basi la usiku kutoka Kariakoo,
ndani ya bahasha ya kaki yenye jina la baba,
maana laini ya simu bado ni yake.

Bolti moja. Spana namba kumi.
Kidude cheusi, kimo cha kidole gumba!
Nikachungulia: gurudumu dogo,
meno thelathini na manne, halafu pengo.
"Limevunjika?"
"Pengo la kiwandani hilo. Yangejaa yote
lisingejua mzunguko unaanzia wapi.
Linaanza kujihesabu hapo pasipo na kitu."

Mama alikuwa anahesabu noti za korosho,
zimekunjwa kwenye pindo la kanga.
Akakwama katikati.
Akaanza upya.

Jioni tukaupanda mlima.
Tulipofika kwenye ile kona
mkono wake ulishashika kitasa.
Gari likapita, linaunguruma tu.
"Simama," akasema.
Nikasimama. Akarudi nyuma kwa miguu,
vumbi jekundu mpaka kwenye vifundo,
akaliokota lile jiwe letu,
akaja nalo, akaliweka miguuni pake.
"Twende."