Maji ndani ya Tairi

Matairi yalishuka Ravenna ndani ya kontena,
vipara, ya kuuzwa kwa kilo.
Aliyeyapakia ng'ambo hakuyapangusa ndani.
Nani hupangusa tairi kwa ndani?
Mvua ya huko ilikwisha kukauka, ikaacha ukingoni
mayai meusi, madogo kuliko vumbi la pilipili manga.
Forodha wakahesabu matairi.
Mayai hayatozwi ushuru.

Ottorino akalipa, akatia sahihi,
akayarundika nyuma ya karakana.
Mvua ya Romagna ikamalizia kazi.

Miaka ikapita. Mbu wenye soksi za mistari
wakawa wenyeji, wakauma mchana kweupe
wacheza karata na watoto wa ubatizo.
Watu wakajikuna, wakasema: kero tu.

Kisha, Juni moja, akatua mgeni kutoka Kerala,
mkononi boksi la iliki, mwilini homa kidogo.
Akalala siku mbili kwa binamu yake Sujith.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo;
safari hii aliyepona ni mgeni, akaenda zake.

Agosti, Nives wa duka la mikate
akashindwa kushika kisu.
Padre akapanda ngazi tatu za madhabahu kwa mapumziko mawili.
Ottorino, mnyanyua injini,
akamwomba mkewe amfunge vifungo.
Mtaa mzima ukawa unatembea umeinama
kama ulioangusha sarafu.
Wakaulaumu mto. Wakamlaumu Sujith,
wakaacha kununua nyanya zake.

Daktari Zaccarini akaleta jibu la maabara,
akalisoma akijikwaa: chi, kun, gu, nya.
"Lugha gani hiyo?" akauliza Nives.
"Ya Afrika. Kinachokunja mtu."
Ni Kimakonde, daktari.
Mtu fulani, magoti kifuani, alilitamka kwanza
kwa jirani yake, si kwa ajili ya vitabu.
Nalo limesafiri bila nauli.

Jioni Ottorino alikwenda nyuma ya karakana.
Tairi la kwanza lilimshinda vidole.
Akasimama. Akatazama ua wa pili.
Akaita, bila kujua aanze na neno gani,
na Sujith akaja, naye akichechemea.
Wakayapindua mawili kwa pumzi moja, wakapumzika,
wakayapindua mengine.
La chini kabisa lilikuwa bado na muhuri wa bandari,
herufi ambazo hakuna kati yao aliyezijua.
Wakaliinamisha.
Maji yakawamwagikia viatuni,
yenye joto, yakichezacheza.